Deni la Boya Jekundu

Safari nzima, kutoka Toronto hadi yadi ambako boti yetu ingelala majira ya baridi, ilitugharimu dola mia sita themanini na tatu. Nilihesabu mara mbili wakati ule, na leo asubuhi nimehesabu tena kabla ya kukaa kuandika. Humo mna dizeli, gati tulizolala njiani, sarafu zilizotumbukia kwenye kikombe cha mlinzi wa daraja, nauli ya basi la kurudi, na dola themanini za mvuvi mmoja ambaye nitamfikia. Deni halimo. Halimo kwa sababu mpaka leo mimi na mwenzangu hatujakubaliana lina ukubwa gani.

Mwenzangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Mimi ni Mzaramo, mzaliwa wa Kariakoo. Aliyelelewa nyumbani amekwisha kuelewa, lakini watoto wetu wa huku hawaelewi, kwa hiyo nieleze. Sisi ni watani. Babu zake walikuja pwani na mizigo kichwani, babu zangu wakawapokea, wakacheka nao, wakawaibia kidogo, na tangu hapo yeye anaweza kunitukana mbele ya wakwe zangu, anaweza kuchukua sahani yangu nikiwa bado nakula, na nikifiwa anaweza kulala mlangoni msiba usitoke mpaka alipwe. Mimi kwake hivyo hivyo. Anayekasirika ameshindwa. Anayehurumia ameshindwa vibaya zaidi.

Nilimjua hivyo, msibani. Baba yangu mdogo alifia Brampton, jirani na Toronto, tukaweka matanga kwenye chumba cha chini cha nyumba ya kupanga. Pilau ilipofika, mtu nisiyemjua, kavaa koti kubwa kama godoro, aliinyanyua sufuria nzima, akakaa nayo kwenye ngazi. Akasema haipiti mtu mpaka wafiwa wamlipe ujira wa kubeba mzigo kutoka Tabora hadi Brampton. Binamu zangu wadogo, waliozaliwa huku, walikuwa wanaulizana kwa Kiingereza nani apige simu polisi. Wazee wao walikuwa wanafuta machozi ya kicheko, ya kwanza tangu marehemu aondoke. Nikatoa noti ya dola tano, nikahakikisha kwanza kuwa ni moja.

"Mzaramo huyu," akasema, "anatoa hela kama anang'olewa jino."

Tukawa ndugu kwa namna hiyo. Miaka michache baadaye tukanunua boti, nusu kwa nusu. Usiniulize Mnyamwezi na boti wapi na wapi. Yeye alikuwa dereva wa gari la mizigo, kila siku alikuwa akiliona Ziwa Ontario kutoka barabarani, na jambo hilo lilimkaa kichwani. Mimi bahari yangu ilikuwa Feri, soko la samaki, na huko nilikwenda kupunguza bei, si kuogelea. Niliingia kwenye biashara ile kwa sababu mwenye boti, mzee aliyechoka na baridi, alitaja bei ndogo mno. Bei ikiwa ndogo mno, mtu wa Kariakoo anashika mfuko wake. Nilinyamaza. Mzee akaona nimenyamaza, akapunguza tena. Basi ndiyo tukawa na boti ya futi ishirini na sita, ya dizeli, isiyo na jina mpaka leo, maana majina yote niliyopendekeza mimi yeye alisema ni ya kanga, na yake mimi nilisema ni ya punda.

Kila mwaka, mwezi wa kumi, boti huku hutolewa majini kabla ziwa halijaanza kufanya barafu kando. Yetu ilikuwa inalala katika yadi ya palepale mjini, mwendo wa saa moja majini. Mwaka wa 2008 mtani akaja na habari mpya. Amepata yadi nyingine, mbali, mashariki, kupita mfereji wa Murray, kwenye Ghuba ya Quinte. Siku tatu kwa boti. Bei nusu.

Nikapiga hesabu. Nusu ya bei, toa dizeli, toa gati, toa basi la kurudi. Hata kwenye karatasi, kabla hatujakutana na mvuvi yeyote, tulikuwa tunapata hasara.

"Mtani, unaniambia tusafiri siku tatu ili tupate hasara?"

"Babu zangu walitembea miezi mitatu kwa ajili ya shanga."

"Na shanga tuliwapunja."

"Ndiyo maana nakuchukua. Unilinde nisipunjwe tena."

Nilicheka, lakini mfuko niliushika. Kulikuwa na kitu. Gari lake la mizigo halikuonekana tangu mwezi wa saba. Kila nikiuliza, liko gereji. Gereji gani inayokaa na gari miezi mitatu? Nina jamaa katika nusu ya gereji za mji huu, nauza matairi yaliyotumika, nikamwambia anitajie niende kumwombea bei.

"Liache," akasema. "Sukari imenipanda machoni, mtani. Daktari kaninyang'anya usukani."

"Daktari kachelewa. Sisi watu wa pwani tunajua tangu zamani Mnyamwezi haoni. Angekuwa anaona asingebeba pembe za ndovu za mtu mwingine mpaka Bagamoyo."

"Mzaramo alikuwa anaona sana," akasema. "Kakaa kivulini, anaona."

Ikaishia hapo. Mimi nikajiwekea hesabu yangu kichwani: gari kaliuza, anaona aibu kusema. Na mtu aliyeuza gari kimyakimya, kitu kinachofuata ni boti. Huko Quinte kuna mnunuzi. Nusu ya boti ile ilikuwa yangu, nimeilipa kwa matairi, tairi moja moja. Nilikubali kwenda ili nisiibiwe nikiwa sipo. Kama ni kuibiwa, basi niwepo.

Siku ya kuondoka nilimfuata nyumbani kwake, Regent Park. Mkewe alinipa kapu: chapati, kuku wa kukaanga, chupa ya chai ya tangawizi na nyingine ya dawa zake. Alinisindikiza mpaka kwenye lifti.

"Shemeji, tafadhali, usimwache aendeshe peke yake."

"Kwani atakwenda wapi?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa chumvi ni nini. "Wewe kaa naye karibu tu."

Nikashuka na lile kapu, nikiwaza: hata anayelala naye hamwamini.

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu mwembamba. Majengo ya mjini yalibaki nyuma yetu, yakawa madogo. Nilihesabu jaketi za uokozi, mbili, nikazihesabu tena, bado mbili. Yeye alishika usukani. Mimi akaniweka mbele, kwenye omo, na maagizo ya kitoto: nikiona boya nimwambie liko wapi na rangi yake.

"Kwa nini nikwambie? Huna macho?"

"Sina. Nimekwisha kukwambia."

"Haya, bwana mkubwa."

Sheria ya maboya ni ndogo, hata mimi nilikuwa naijua: ukiingia bandarini kutoka ziwani, jekundu liache mkono wa kulia, la kijani mkono wa kushoto, upite katikati. Ukikosea unaingia kwenye kina kifupi. Jioni ya kwanza tuliingia Whitby hivyo. Kulia nini? Jekundu. Kushoto? La kijani. Ingia. Nilijiona kama mtoto wa chekechea anayehojiwa na mwalimu. Huyu mtu amepita hapa mara ngapi? Ananihoji ili nini? Na dira alikuwa anaiinamia mpaka pua inataka kugusa kioo, kama anainusa. Nikasogea nione. Akanyanyua kichwa upesi.

"Unatafuta nini?"

"Joto," nikasema.

Nikajua ananificha njia.

Siku ya pili ziwa lilichafuka kidogo. Chapati zilibaki nyingi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshika tumbo, na yeye hakuacha kunikumbusha kwamba wa pwani ni mimi. "Mzaramo katapika maji baridi. Nikirudi Tabora nitapewa ng'ombe kwa habari hii." Tuliingia Cobourg kabla ya giza, kulia jekundu, kushoto la kijani, na asubuhi yake nilikwenda kunawa kwenye choo cha bandari. Niliporudi alikuwa gatini, mgongo kanipa, anaongea kwenye simu kwa Kiingereza na mtu wa ile yadi. Nilisimama nyuma ya rundo la kamba. Nilimsikia wazi.

"Ndiyo, huu ni mwaka wangu wa mwisho. Mwakani ataileta mtu mwingine."

Nilipanda botini nikakunja kamba. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuiuza ile boti, nimemkamata, nimemfikisha kwa wazee wa jumuiya, nimepewa haki yangu, na nimemsamehe kwa masharti.

Kutoka Cobourg unafuata pwani mpaka rasi ya Presqu'ile, halafu unaingia ndani ya ghuba, na hapo njia ya maji inakuwa nyembamba na ya kupindapinda mpaka mdomo wa mfereji. Pembeni ni majani ya majini na matope. Maboya ni mengi, lazima uyafuate moja moja kama tasbihi. Mtani akapunguza mwendo.

"Sasa simama vizuri huko mbele. Hapa hakuna mchezo."

Hapo ndipo nikapata akili yangu. Nilifikiri hivi: kama hadithi ya macho ni ya kweli, basi sawa. Kama ni uongo, basi na boti ni uongo. Na njia ya kujua ni rahisi kabisa. Sokoni, ukitaka kujua kama muuzaji amepima kweli, unamwambia kilo siyo. Aliyepima kweli anakuja juu. Huyu nitamwambia rangi siyo. Kama anaona, atanitukana ukoo wangu wote na kunyoosha boti, na mimi nitakuwa nimemshika.

Boya lililofuata lilikuwa jekundu, limechongoka, jipya, jekundu kama pilipili. Nikamwambia liko mbele yetu.

"Rangi gani?"

"La kijani."

Nikasubiri matusi.

Akazungusha usukani kwenda kulia, taratibu, kwa utulivu wote, ili aliache kushoto. Hakusita hata kidogo. Boya lilipita karibu nami upande usio wake, na mimi nilikuwa nimefungua mdomo, bado nasubiri anitukane, wakati boti ilipokaa. Haikugonga. Ilikaa tu, kama mtu mnene anavyokaa kwenye godoro. Injini ikakohoa, maji nyuma yakawa ya rangi ya chai ya maziwa.

Akazima injini.

"Ulisema la kijani."

"Nilisema."

"Ni rangi gani?"

"Jekundu."

Halafu akauliza, "Liko wapi?"

Lilikuwa palepale. Ningeweza kuligusa kwa upondo. Yeye alikuwa amegeuza uso, analitafuta, na macho yake yalitua hatua mbili tatu pembeni, kwenye maji matupu, yakabaki hapo. Nilimtazama akiyatazama yale maji. Kisukari kilikuwa kimefanya kazi yake, na mimi nilikuwa nimekaa nacho boti moja siku tatu.

"Nilikwambia sioni," akasema.

"Ulinambia kwa utani."

"Nilikwambia kwa mdomo. Mdomo mwingine sina."

"Pole, mtani."

"Koma. Usiniambie pole. Mke wangu ananiambia pole, daktari pole, binti yangu pole kwa Kiingereza. Na wewe ukianza, nani atanitukana?"

Nikakaa chini. Bata walikuwa wanapita, hawana habari. Nikaona afadhali nimalize yote siku moja.

"Na boti unamwuzia nani?"

"Boti gani?"

"Nilikusikia kwenye simu. Mwaka wa mwisho. Mwakani ataileta mtu mwingine."

Akacheka mpaka boti ikatikisika ndani ya matope. "Mtu mwingine ni wewe, bwege. Nani tena? Nilikuwa namwambia mwenye yadi asishangae mwakani akiona nahodha kijana mwenye sura ya mwizi wa kuku."

"Sasa kwa nini huku kote? Yadi ya mjini ilikuwa na nini?"

"Yadi ya mjini ni saa moja." Akavua kofia, akaivaa tena. "Nilitaka ya siku tatu."

Niliinuka nikamwambia awashe injini.

Tulijaribu kurudi nyuma kwa injini, tukahamishia maji ya kunywa, nanga na sisi wenyewe kwenye tezi, nyuma ya boti, boti haikutaka. Ndipo akaja yule mvuvi, ndani ya boti ya bati, samaki wake kwenye ndoo. Akasema kutuvuta ni dola mia. Nikasema arobaini. Akasema mia. Nikaanza kumweleza kwamba kazi yenyewe ni ya dakika chache, na kwamba njia ni yake hata hivyo.

"Mzaramo," akasema mtani nyuma yangu, kwa Kiswahili, sauti ya upole, "tuko matopeni."

Tukaelewana themanini. Nilimhesabia mara mbili. Alitufungia kamba, akatuvuta, tukatoka na sauti kama ya mtu anayebusu watoto wengi.

Kutoka hapo mpaka mferejini nilitaja rangi kama mwadhini. Jekundu kulia. La kijani kushoto. Jekundu kulia. Hakuuliza tena, nilikuwa nasema kabla hajauliza. Kwenye daraja, mlinzi alitoka kibandani akanyoosha mti mrefu wenye kikombe mwishoni, nasi tukapita kando yake tukatumbukiza ada, kama sadaka kanisani. Nilimwuliza kama kuna nafuu kwa wenye boti ndogo. Mtani akaniomba nisimtie aibu mbele ya daraja.

Yadi tuliifikia jioni. Mwenye yadi, mzee mwembamba mwenye glavu zilizotoboka, aliipitishia boti mikanda miwili tumboni akainyanyua kwa winchi, maji yakichuruzika. Mtani alikwenda chini yake akaipapasa na kiganja, mbele hadi nyuma, kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani. Kiganja kikafika kwenye mkwaruzo, kikasimama.

"Hapa."

"Hapo."

"Umeona? Shahidi ninaye. Sasa sikiliza. Mtani akikuharibia, anatozwa. Sitaki jogoo, sitaki mbuzi."

"Mbuzi huku ni ghali, nashukuru."

"Ulininyima rangi moja. Utanirudishia."

Nilidhani ni jambo rahisi. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, nilikuwa nahodha, yeye mbele kwenye omo na blanketi lake na chupa ya chai. Tulipolifikia lile boya nikapunguza mwendo, nikamwambia kwa heshima zote: mtani, boya lako hili hapa, jekundu, nakulipa.

"Nitajuaje?"

"Nimekwambia."

"Hata siku ile uliniambia."

Nikamsogeza mpaka akaligusa kwa mkono. Akasema ni la baridi, lakini na la kijani lingekuwa la baridi. Nilimwita mlinzi wa daraja atoe ushahidi, mtani akasema hamwamini mtu anayeomba hela kwa fimbo. Kila mwaka tumekwenda, siku tatu kwenda mwezi wa kumi, siku tatu kurudi mwezi wa tano, kwa hasara ileile niliyoipigia hesabu mwanzo, na kila mara nimelipa, na kila mara amekataa malipo. Nilimshuku, ndiyo. Nilishuku kwamba hataki deni liishe, maana likiisha hana sababu ya kunipigia simu vuli ikianza. Sikumwambia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kukaa karibu na simu.

Sasa ndio naomba. Vuli hii shemeji amenipigia yeye. Sukari imeshuka miguuni, vidole viwili vimekatwa, na daktari amesema boti basi. Boti mwaka huu imelala yadi ya mjini, mwendo wa saa moja, nimeipeleka peke yangu. Jioni ile ile simu ikalia tena.

"Mtani, ziwani siendi tena. Deni langu nalitaka hapa hapa nyumbani. Lipa."

"Boya haliwezi kupanda lifti."

"Hilo ni tatizo la mdaiwa."

Nimekaa nalo wiki hii yote. Nimefikiria kumpelekea pilipili, rangi ya kucha, kanga nyekundu ya marehemu mama. Kila kimoja najua atasema nitajuaje, na atakuwa na haki. Muuza matairi anajua kulipa kwa noti, kwa bidhaa, hata kwa maneno akibanwa sana. Mtu asiyeona, niliyemdanganya mara moja tu, hiyo rangi nitamhesabia vipi mkononi? Kwa hiyo naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kudaiwa namna hii akalipa likaisha. Na tafadhali asiwe Mnyamwezi.